Agiza Lini, Agiza Kiasi Gani? Hisabati Iliyomo Ndani ya Programu za Maduka

Kila mwenye duka, awe na kibanda cha bidhaa ndogondogo au jengo lenye rafu mia moja, hukabiliwa na maswali mawili yasiyokwisha: aagize lini, na aagize kiasi gani? Akichelewa kuagiza, mteja hukuta rafu tupu na kwenda kwa jirani. Na mteja aliyekwisha kuzoea kwa jirani si rahisi kumrudisha. Akiagiza kupita kiasi, fedha zake hugeuka maboksi yaliyorundikana stoo, yakingoja panya, unyevu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Duka laweza kuwa na wateja wengi na bado likafungwa, kwa kuwa mtaji wake wote umelala katika bidhaa zisizotoka, huku zile zinazotakiwa zimekwisha.

Kwa muda mrefu maswali hayo yalijibiwa kwa uzoefu, kwa daftari na kwa kumbukumbu ya mwenye duka. Siku hizi maduka mengi hutumia programu za kompyuta, na hata za simu ya mkononi, ambazo huweka hesabu ya mali iliyopo, huandika hati za kuagizia, na hukumbusha bidhaa inapokaribia kwisha. Wako wanaozitazama programu hizo kama kitu cha miujiza. Kwa hakika hisabati iliyomo ndani yake haizidi sana ile ifundishwayo katika shule za sekondari. Lililo gumu ni jambo jingine, nalo halimo ndani ya kompyuta: ni kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa yanalingana na yaliyomo rafuni.

Gharama mbili zinazovutana

Kuagiza bidhaa kuna gharama yake, mbali na bei ya bidhaa yenyewe. Kuna nauli ya gari, ujira wa wapakiaji, simu, na muda wa mtu anayeandika na kupokea. Gharama hii haitegemei sana wingi wa mzigo: safari ya kuleta katoni 20 aghalabu hugharimu karibu sawa na ya kuleta katoni 100. Kwa hiyo anayetaka kuipunguza ataagiza mara chache, kwa wingi.

Kutunza mali nako kuna gharama. Fedha iliyolala stoo ingeweza kununulia kitu kingine, au kupunguza deni lenye riba. Stoo hulipiwa kodi. Na bidhaa huharibika. Anayetaka kupunguza gharama hii ataagiza mara nyingi, kidogo kidogo. Gharama hizo huvutana kama pande mbili za wavuta kamba, na kazi ya hesabu ni kutafuta mahali ambapo jumla yake ni ndogo kuliko pengine pote.

Mwaka 1913 mhandisi wa Kimarekani, Ford W. Harris, alichapisha jibu la tatizo hilo katika jarida la mambo ya viwanda. Yeye alikuwa akifikiria vipuri vinavyotengenezwa kiwandani, lakini hoja yake yalihusu duka vilevile. Chukulia, kwa mfano tu, duka linalouza katoni 1,200 za sabuni kwa mwaka kwa mwendo usiobadilika. Kila agizo hugharimu shilingi 24,000, na kutunza katoni moja kwa mwaka mzima hugharimu shilingi 4,000. Ikiwa duka huagiza katoni 120 kila mara, litaagiza mara 10 kwa mwaka na kutumia shilingi 240,000 kwa kuagiza. Mali iliyomo stoo itashuka polepole kutoka 120 hadi 0, kisha itapanda tena. Kwa hiyo wastani wake ni katoni 60, na gharama ya kuitunza ni shilingi 240,000. Jumla ni shilingi 480,000. Msomaji na alinganishe na viwango vingine:

Katoni 40 kila agizo: kuagiza 720,000, kutunza 80,000, jumla 800,000.
Katoni 100 kila agizo: kuagiza 288,000, kutunza 200,000, jumla 488,000.
Katoni 120 kila agizo: kuagiza 240,000, kutunza 240,000, jumla 480,000.
Katoni 150 kila agizo: kuagiza 192,000, kutunza 300,000, jumla 492,000.
Katoni 300 kila agizo: kuagiza 96,000, kutunza 600,000, jumla 696,000.

Kulingana kwa gharama mbili kwenye katoni 120 si bahati tu. Herufi M na iwe mauzo ya mwaka, A gharama ya agizo moja, T gharama ya kutunza katoni moja kwa mwaka, na K kiasi kinachoagizwa kila mara. Gharama ya kuagiza ni A × M ÷ K, na ya kutunza ni T × K ÷ 2. Ukizizidisha moja kwa nyingine, K hujifuta, na jibu hubaki lile lile daima. Nazo namba mbili chanya ambazo jibu la kuzidishana kwake halibadiliki huwa na jumla ndogo kabisa pale zinapolingana. Basi A × M ÷ K hapana budi ilingane na T × K ÷ 2, na kutokana na hapo K × K = 2 × A × M ÷ T. Katika mfano huu jibu la upande wa kulia ni 14,400, na kipeuo chake cha pili ni 120.

Orodha ile yafundisha jambo jingine. Duka linaloagiza 100 au 150 badala ya 120 halipotezi sana. Anayepoteza ni yule anayekwenda mbali na kiasi kinachofaa. Ukichora grafu ya jumla ya gharama, chini yake ni pana kama sahani, si kali kama ncha ya mkuki. Kwa hiyo mwenye duka asiyejua gharama zake kwa usahihi kamili hana haja ya kukata tamaa, na programu inayotoa jibu lenye desimali tatu haimpi elimu zaidi ya ile inayosema “karibu 120”.

Siku ya kuagiza

Hesabu hiyo hujibu swali la kiasi gani. Swali la lini hujibiwa kwa njia iliyo rahisi zaidi, nayo hujulikana katika nyumba nyingi: mama mwenye mitungi miwili ya maji hutuma watu mtoni pale mtungi wa kwanza unapokwisha, wala hangoji wa pili ukauke. Maji ya mtungi wa pili ndiyo yatakayotumika wakati wajumbe wako njiani.

Ikiwa duka lile la sabuni hufunguliwa siku 300 kwa mwaka, huuza wastani wa katoni 4 kwa siku. Ikiwa mzigo huchukua siku 6 tangu kuagizwa hadi kufika, katoni 24 zitauzwa katika muda huo. Hata hivyo gari huharibika, barabara hukatika wakati wa masika, na siku nyingine wateja huwa wengi kuliko kawaida. Kwa hiyo huongezwa akiba ya tahadhari, tuseme katoni 12. Jumla, yaani 36, ndiyo kiwango cha kuagizia: mali ikishuka hadi hapo, agizo jipya hutolewa. Kadiri mwendo wa mauzo na wa magari usivyotabirika, ndivyo akiba ya tahadhari ipasavyo kuwa kubwa. Msambazaji anayefika kila mara siku aliyoahidi humpunguzia mwenye duka mtaji unaolala, hata kama bei yake haikupungua.

Programu nzuri haitazami mali iliyopo rafuni na stoo peke yake. Hujumlisha pia mali iliyokwisha kuagizwa na iliyoko njiani, kisha hutoa ile iliyoahidiwa kwa wateja. Stoo ikiwa na katoni 30, na katoni 120 ziko njiani, hakuna haja ya kuagiza tena. Ni rahisi kwa mwanadamu mwenye bidhaa mia nane kusahau agizo la juma lililopita na kuliandika mara ya pili. Mashine haisahau, mradi agizo la kwanza liliandikwa.

Mauzo si mahitaji

Katika mfano uliotolewa, sabuni ilichukuliwa kuwa yauzwa kwa mwendo mmoja. Maisha hayako hivyo. Madaftari hununuliwa kwa wingi shule zinapofunguliwa, tende hutakiwa mwezi wa Ramadhani, na mbolea hufuata mvua. Kwa hiyo programu hukadiria mahitaji upya kila mara. Njia moja iliyoenea tangu miaka ya 1950 ni kuchukua kadirio la zamani na kulisogeza kidogo kuelekea mauzo halisi. Ikiwa kadirio lilikuwa katoni 100 kwa mwezi, na zikauzwa 120, tofauti ni 20. Programu huongeza sehemu ya tofauti hiyo, tuseme moja ya tano, na kadirio jipya huwa 104. Kwa njia hii mauzo ya siku moja ya ajabu hayaivurugi hesabu, wala mabadiliko ya kweli hayapuuzwi. Kwa bidhaa za msimu, hulinganishwa pia na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia.

Hapa pana mtego. Ikiwa sabuni ilikwisha tarehe 10 na mzigo mpya ukafika tarehe 25, daftari litaonyesha kwamba katika siku hizo hakuna sabuni iliyouzwa. Programu isiyoelekezwa vema itasoma kwamba watu wameacha kuitaka, itapunguza kadirio, itaagiza kidogo, na sabuni itakwisha mapema zaidi mwezi ujao. Uhaba huzaa uhaba. Kwa hiyo siku ambazo rafu ilikuwa tupu hapana budi ziwekewe alama, zisihesabiwe kuwa siku za mauzo sifuri. Mteja aliyeondoka mikono mitupu hakuacha alama yoyote katika daftari, lakini haja yake ilikuwapo.

Migahawa ya London

Wazo la kuikabidhi kompyuta kazi ya maagizo lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyoendesha migahawa ya chai na viwanda vya mikate, ilijenga kompyuta yake yenyewe, iliyoitwa LEO, na mwaka 1951 ikaanza kuitumia kwa hesabu za biashara. Mashine hiyo ilikuwa na vali za elektroni takribani 6,000 na ilijaza chumba kikubwa. Mwaka 1954 ilipewa kazi ya maagizo ya migahawa.

Utaratibu wake ulikuwa wa busara. Kila mgahawa ulikuwa na agizo lake la kawaida kwa kila siku ya juma, lililokwisha kuhifadhiwa. Msimamizi wa mgahawa hakuwa na haja ya kuandika orodha nzima kila siku. Alieleza kwa simu yale tu aliyotaka yabadilishwe, labda keki zaidi kwa sababu ya siku njema ya jua. Mabadiliko hayo yalitobolewa katika kadi, kompyuta ikayaunganisha na agizo la kawaida, ikatoa orodha za vitu vya kutengenezwa na kupakiwa. Kanuni ya kumwachia mtu yale yasiyo ya kawaida, na kuiachia mashine yale ya kila siku, ndiyo inayofuatwa na programu nzuri hadi leo.

Hati tatu

Agizo lenyewe hupita katika hati tatu, na wanafunzi wa biashara wanazifahamu. Ya kwanza ni hati ya kuagizia, inayosema duka limeomba nini, kiasi gani na kwa bei gani. Ya pili ni hati ya kupokelea, inayoandikwa mlangoni mwa stoo baada ya kuhesabu kilichofika. Ya tatu ni ankara, ambayo ni dai la muuzaji. Kabla ya kulipa, programu huzilinganisha zote tatu. Ikiwa ziliagizwa katoni 120, zikafika 115, na ankara inadai 120, malipo husimamishwa mpaka tofauti ielezwe.

Faida ya hati tatu hupatikana iwapo hazikutoka mkono mmoja. Mtunza stoo anayenakili tu namba iliyoandikwa katika karatasi ya dereva, bila kufungua wala kuhesabu, ameifuta hati ya pili ingawa ameiandika. Kompyuta italinganisha namba na nakala yake, na kuona kwamba zinafanana.

Mistari myeusi na myeupe

Mauzo nayo yanapaswa kuandikwa. Mwaka 1952 Wamarekani Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza ya njia ya kuandika namba kwa mistari inayosomwa kwa mwanga. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya wazo hilo kuingia madukani. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley ilipitishwa juu ya mashine ya kusomea, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa msimbo pau wa aina inayotumika mpaka sasa.

Msimbo wa kawaida wa Afrika Mashariki una tarakimu 13. Tarakimu za mwanzo huonyesha chama kilichotoa namba, wala si lazima zionyeshe mahali bidhaa ilipotengenezwa: 616 ni ya Kenya na 620 ni ya Tanzania. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua, kwa zoezi, namba 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6 + 0 + 2 + 4 + 6 + 8 = 26. Jumlisha zile za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 2 + 1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 27, kisha zidisha kwa 3, upate 81. Jumla ni 107. Ili kufikia 110, ambayo hugawanyika kwa 10, inahitajika 3. Hiyo ndiyo tarakimu ya 13. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, jumla haitagawanyika kwa 10, na mashine itakataa. Wanafunzi na wajaribu kueleza kwa nini huzidishwa kwa 3 na si kwa 2 wala kwa 5.

Mali hewa

Tarakimu ya ukaguzi huzuia makosa ya mashine, lakini haizuii ya binadamu. Mteja analeta sabuni tatu za bei moja: mbili za rangi ya kijani na moja nyekundu. Mwuzaji mwenye haraka anapitisha moja ya kijani mara tatu. Fedha iko sawa, mteja ameridhika, na kasha la fedha litalingana jioni. Hata hivyo daftari sasa lina makosa mawili: sabuni ya kijani imepungua mno katika maandishi, na nyekundu imezidi.

Kosa la pili ndilo la hatari. Ikiwa daftari linasema nyekundu ziko 40, hali rafuni hakuna hata moja kwa sababu ya makosa kama hayo, wizi au kuvunjika, programu haitaagiza, kwa maana 40 ni juu ya kiwango cha kuagizia. Kwa kuwa hazipo, haziuzwi; kwa kuwa haziuzwi, namba haishuki; na kwa kuwa haishuki, haziagizwi. Mali hewa hii yaweza kukaa daftarini miezi kadhaa bila kengele yoyote kulia. Tatizo hili si dogo. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha uchunguzi wa rekodi karibu 370,000 kutoka maduka 37 ya kampuni moja kubwa, na wakakuta kwamba rekodi 65 katika kila 100 hazikulingana na mali halisi.

Makosa yaweza kuingia hata kabla ya bidhaa ya kwanza kuuzwa. Kampuni ya Kimarekani ya Target ilifungua maduka yake ya kwanza nchini Kanada mwezi Machi 2013, ikitumia mfumo mpya wa kompyuta. Taarifa zilizochapishwa baadaye zilieleza jinsi maelezo ya bidhaa nyingi yalivyoingizwa kwa haraka na kwa makosa: inchi mahali pa sentimita, upana mahali pa urefu. Maboksi hayakuenea mahali yalipopangiwa, maghala yakajaa, na rafu za madukani zikabaki tupu. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, ikiwemo haraka ya kufungua maduka mengi kwa pamoja. Lakini namba zisizo za kweli zilikuwa mojawapo. Mwezi Januari 2015 ilitangazwa kwamba maduka yote 133 yatafungwa, na wafanyakazi wapatao 17,600 wakapoteza kazi zao.

Dawa ya mali hewa ni kongwe kuliko kompyuta, nayo ni kuhesabu kwa mkono. Badala ya kufunga duka mara moja kwa mwaka na kuhesabu kila kitu, inafaa kuhesabu bidhaa chache kila siku: zile zenye thamani kubwa na zinazotoka kwa wingi zihesabiwe mara kwa mara, nyingine kwa nadra. Programu yaweza kusaidia kwa kutoa orodha ya bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kila siku na ambazo ghafla zimeacha kuuzwa. Huko ndiko mtu aende kutazama kwanza.

Zoezi kwa darasa

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuyajaribu haya yote kwa kadi za karatasi. Darasa na lichague vitu vitano vya stoo ya shule, kama vile chaki, karatasi, kalamu, sabuni na mafuta ya taa, na kufungua kadi moja kwa kila kitu yenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Baada ya majuma manne wanafunzi wakokotoe wastani wa matumizi kwa siku, wamuulize mtunza stoo mzigo huchukua siku ngapi kufika, na watafute kiwango cha kuagizia cha kila kitu.

Kisha, bila kutoa taarifa kabla, wanafunzi wawili waingie stoo na kuhesabu vitu hivyo kwa mikono, kila mmoja peke yake, pasipo kuona kadi. Hesabu zao ziandikwe ubaoni kando ya zile za kadi. Pale zitakapotofautiana, darasa litafute kwanza tofauti ilitoka wapi: ni boksi lililochukuliwa bila kuandikwa, ni kosa la kutoa, au ni pakiti iliyohesabiwa kama boksi? Baada ya hapo tu ndipo kadi irekebishwe, kwa kalamu ya rangi nyingine, na sababu iandikwe pembeni.